Maji Yaliyopitia kwa Bata

Baba alihamia kwa binti yake mwanzoni mwa kiangazi, akiwa na masanduku mawili na cherehani. Alisema anakuja kupumzika. Kufikia siku ya tatu alikuwa ameshapunguza mapazia yote ya nyumba, maana yalikuwa yanaburuza sakafuni na hakuna aliyejali. Siku ya nne akaingia kwenye kabati la binti yake akabana viuno vya sketi tatu bila kuulizwa. Siku ya tano hakikubaki cha kushona. Binti aliporudi kazini alimkuta ameketi sebuleni, mikono mapajani, anaikodolea macho saa ya ukutani.

"Baba, vipi?"

"Salama tu, mama. Napumzika," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Binti huyo alikuwa mpima maji katika ofisi ya bonde la mto. Kazi yake ilikuwa kujua mto una maji kiasi gani kila wiki, na nani ana haki ya kuchukua kiasi gani. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwonyesha kosa. Wakulima walimwita Madamu Lita. Wengine walimwita hivyo kwa heshima na wengine kwa uchungu, kwa sababu hata ungemwangukia miguuni, angekutajia lita zilizopo kwa sekunde, afunge daftari, akuulize kama watoto hawajambo.

Wiki ile alikuwa na kazi nzito mezani. Mto wao ulishuka kutoka milimani, ukapita kwanza penye mashamba ya vitunguu ya watu wa Juu, kisha ukateremka kilomita kumi na nne hadi kwenye mashamba ya mpunga ya watu wa Chini. Watu wa Chini ndio waliotangulia kulima, kwa hiyo kisheria maji ya kiangazi yalikuwa yao. Watu wa Juu waliyaona yakipita mbele ya milango yao, wakabaki kuyasalimia. Lakini palikuwa na bwawa. Lilijengwa kwenye kijito cha pembeni, kinachoingia mtoni karibu kabisa na Chini, na mwaka ule lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Maji ya bwawa hayangeweza kupanda kwenda Juu, ila kushuka kwenda Chini ilikuwa kazi rahisi. Ndipo likaja wazo la mabadilishano: watu wa Juu wachukue mtoni maji ya watu wa Chini, na bwawa liwarudishie watu wa Chini lita kwa lita.

"Sasa tatizo liko wapi?" aliuliza mwenyekiti wa Juu siku walipokutana ofisini. Alikuwa mwanamume mnene aliyewahi kuwa refa wa mpira, na sauti yake ilikuwa bado inatafuta uwanja. Watu walimwita Sasa Hivi. "Vitunguu vyangu vina wiki sita tu shambani. Tupe lita mia mbili, sasa hivi, tutakushukuru mpaka uzeeke."

"Subiri kwanza," alisema mwenyekiti wa Chini, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Huyu aliitwa Bibi Muhuri, kwa kuwa karatasi isiyogongwa muhuri kwake ilikuwa ya kufungia karanga. "Binti yangu, mimi nitajuaje kwamba bwawa limefunguliwa kweli? Nataka barua."

"Utapata barua, bibi. Tatizo liko hapa katikati." Madamu Lita aliweka kidole kwenye ramani. "Kutoka kwenye banio la Juu, pale maji yanapoingizwa mfereji mkuu, mpaka kijito cha bwawa kinapoingia mtoni, ni kilomita kumi na nne. Kipande chote hiki bwawa halikisaidii kitu. Kuna mji na pampu yake, kuna ng'ombe, kuna samaki. Sheria inasema zibaki lita hamsini kwa sekunde kila mahali. Kwa hiyo nitatafuta mahali mto ulipo na maji machache kuliko pote. Nitatoa hamsini. Kinachobaki ndicho mnachoweza kubadilishana."

"Kikibaki mia mbili?"

"Mtapata mia mbili."

"Kikibaki kumi?"

"Mtapata kumi."

Sasa Hivi akajifuta jasho. Mkuu wa ofisi, ambaye hakupenda mikutano mirefu, alimpa Madamu Lita siku kumi.

Shida ni kwamba msaidizi wake alikuwa likizo. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha, na hakuna aliyethubutu kumpigia simu. Kupima mto kunahitaji watu wawili: mmoja anyooshe utepe kutoka ukingo hadi ukingo, mwingine aingie majini apime kina na mwendo wa maji hatua kwa hatua. Jioni ile alimweleza baba yake, akijua fika anafanya nini.

"Utepe?" Baba akasimama. "Utepe wa kupimia?"

"Ndiyo, Baba. Ila ni wa mita thelathini."

"Mwanangu, mimi nimeshika utepe miaka arobaini na sita. Tunaondoka saa ngapi?"

Waliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baba alivaa mabuti marefu ya mpira ya yule msaidizi, yaliyompanda mpaka kwapani, akatembea kama mtu aliyefungwa kwenye gunia. Kwenye banio la Juu alimsumbua binti yake nusu saa nzima kwa sababu utepe ulikuwa umelegea katikati.

"Unatosha, Baba."

"Hautoshi. Utepe ukilegea, suruali inatoka ya mtu mwingine."

Madamu Lita aliingia majini na kipima mwendo chake, fimbo yenye pangaboi dogo mwishoni linalozungushwa na maji. Alihesabu mizunguko, akamtajia baba yake, naye akaandika kwa mwandiko wa kishonaji, namba kubwa zilizolala upande. Jibu likawa lita mia mbili sitini na tano kwa sekunde. Baba akafurahi kana kwamba ameyatoa yeye.

Kilomita tisa chini kulikuwa na kituo kilichoitwa Kipimo cha Kati, chini ya daraja la waenda kwa miguu, mto ulipobanwa na mawe. Kumbukumbu za zamani zilionyesha kwamba hapo ndipo maji yalipokuwa machache zaidi, kwa sababu ya kipande cha mchanga kilicho juu yake, kinachomeza maji. Kituo kingine karibu na mji kilikuwa kimesombwa na mafuriko ya mwaka juzi, hakijajengwa tena. Wakapima. Mia moja na kumi.

Madamu Lita hakuamini. Akapima tena: mia moja na kumi na mbili. Mara ya tatu ikawa mia moja na tisa.

"Mengine yameenda wapi?" Baba akauliza, ameshika utepe bila kuuachia ulegee hata kidogo.

"Yamezama mchangani. Zamani mchanga ulikuwa unameza kidogo, lakini mafuriko yale yalileta mwingine."

Akarudi garini kufanya hesabu. Baba, ambaye alikuwa ameteleza akaloa mpaka mgongoni, alienda kutafuta jua la kujianikia. Alirudi baada ya saa nzima akiwa mkavu, na mfuko wa mayai makubwa mkononi.

"Nimepewa," akasema. "Kuna mama anafuga bata huko nyuma ya matete. Mcheshi huyo!"

"Vizuri, Baba," akajibu, macho kwenye karatasi. Ukitoa hamsini kwenye mia moja na kumi, zinabaki sitini.

Ripoti ilikuwa fupi, na sentensi kuhusu mchanga ilimpendeza kiasi kwamba aliisoma mara mbili. Mkuu wa ofisi akaisifu, akagonga muhuri, nakala zikaenda Juu na Chini.

Kesho yake Sasa Hivi alikuja ofisini. Madamu Lita alijiandaa kwa kelele. Lakini yule bwana aliketi polepole, akaiweka kofia juu ya goti.

"Sitini hazitoshi hata theluthi ya mashamba yetu," akasema. "Tuko watu sabini na wawili. Leo jioni tunapiga kura nani amwagilie na nani aache vitunguu vikauke. Nimekuja tu kukuuliza, Madamu, kama una uhakika."

"Nimepima mara tatu."

"Basi." Akaichukua kofia yake akaondoka, na hakusema sasa hivi hata mara moja. Madamu Lita alitamani angempigia kelele.

Jumamosi Baba hakuonekana nyumbani tangu asubuhi. Alirudi saa tisa akipiga mluzi, sindano ya gunia imechomekwa kwenye kola ya shati.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Mama Bata. Wavu wake wa kuzuia vifaranga umechanika, nimemshonea. Mara ya tatu mwezi huu, maskini. Nimemwambia tatizo si uzi, tatizo ni maji yanauvuta mno."

Madamu Lita alikuwa anakata kitunguu. Kisu kikasimama.

"Maji gani yanauvuta? Si ni dimbwi la bata?"

"Dimbwi? Madimbwi matatu, mama, na maji yanaingia huku na kutokea huku. Yanakimbia hayo! Kandambili yangu moja ilichukuliwa, nikaikuta kwenye dimbwi la mwisho."

"Yanatoka wapi, Baba?"

"Si mtoni?" Baba akamtazama kwa huruma. "Sasa yatoke wapi?"

Kitunguu kilibaki mezani. Dakika arobaini baadaye walikuwa nyuma ya matete, wakipokelewa na bata zaidi ya mia mbili waliopiga kelele kama wageni wa harusi. Mama Bata alikuwa mjane mfupi, mwenye bega pana na kicheko cha kusikika mbali. Buti lake la kushoto lilikuwa la kijani na la kulia jekundu.

"Fundi! Umerudi hata kabla sijaosha kikombe chako!" Kisha akamwona mwenziwe. "Na huyu ndiye mwanao? Karibu, mwanangu, karibu. Mbona umekunja uso hivyo, unaumwa?"

"Shikamoo, mama. Siumwi. Naomba kuuona mfereji wako."

Mama Bata alimwonyesha bila kusita. Ulichimbwa zamani na watu wa tanuri la matofali, akaeleza, na yeye aliponunua kiwanja ulikuwa mkavu, nyasi tupu. "Ila ule mwaka wa mafuriko, asubuhi moja nafungua mlango, nakuta maji yamekuja yenyewe kunitembelea. Sijayafukuza. Nikaleta bata."

Madamu Lita akaufuata mfereji, akipasua matete kwa mikono, mpaka kwenye mdomo wake. Mafuriko yalikuwa yameumega ukingo wa mto. Maji yaliingia pale kwa utulivu, yakijificha chini ya majani, na hatua themanini tu mbele yake aliliona lile daraja la Kipimo cha Kati. Alikuwa amesimama mle chini mara tatu akipima kwa umakini wote maji yaliyobaki, na nyuma yake mengine yalikuwa yanapita kwa bata. Akaketi kwenye tope na sketi yake ya nyumbani.

"Hayajazama mchangani," akasema peke yake. "Mungu wangu. Yamezunguka."

Wakapima, baba na binti. Lita mia moja thelathini ziliingia mferejini. Mita mia sita chini, pale mfereji uliporudi mtoni, zilitoka mia moja ishirini na nane. Bata na jua walikuwa wamechukua mbili tu. Mto mzima, basi, ulikuwa na mia mbili na arobaini.

Mama Bata alikuwa amewafuata muda wote akiuliza habari za safari na afya, lakini alipoona daftari likijaa namba, kicheko kilikatika.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Naandika yaliyopo, mama."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Una kibali cha mfereji huu?"

"Kibali? Maji yamekuja yenyewe, nimwombe nani kibali?"

Wakaingia garini kurudi. Baba alikuwa amekaa mbele, magoti yamebanana, anatazama barabara.

"Mtu amenipa chai," akasema hatimaye. "Amenipa mayai. Amenikaushia nguo. Na mimi nimemlipa nini? Nimemletea serikali."

"Baba..."

"Usimwandike. Andika tu kwamba maji yameongezeka. Nani atajua?"

"Bibi Muhuri atajua, ndani ya dakika tano. Halafu fikiria: tukichukua maji huko Juu, mto unashuka. Mfereji ule hauna mlango, utaendelea kunywa unavyotaka, na pale darajani panaweza kukauka kabisa. Lazima nimwandike. Kule Juu kuna watu hamsini na kitu wanaviacha vitunguu vyao vikauke kwa sababu ya sentensi yangu moja. Na nilikuwa naiona nzuri sana ile sentensi."

Walipofika mlangoni Baba akasema, "Haya. Mwandike. Lakini mwandike vizuri, kama unavyomwandika mtu wa heshima."

Jumatatu Madamu Lita aliingia kwa mkuu wa ofisi kabla hajavua koti.

"Mkuu, nimekosea."

Mkuu akavua miwani. "Nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Akaivaa tena, amwone vizuri. "Lakini barua zimekwenda. Zina muhuri!"

"Tutagonga nyingine."

"Watu watasema ofisi hii inaota namba usingizini."

"Hapana, watasema mimi nimekosea. Na itakuwa kweli." Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka kirahisi, usiku kucha alikuwa ameyaogopa kama sindano. Mkuu akaangalia michoro, akaguna, akageuza ukurasa, akaguna tena. Mwisho akasema mkutano uitishwe, lakini asiwe yeye atakayempigia Bibi Muhuri.

Bibi Muhuri alikataa katakata kuja ofisini. Maji yaliyojificha kwenye matete, alisema, ni habari ya kuambiwa watoto wakalale; kama yapo, ayaone. Kwa hiyo mkutano ukafanyika Jumatano pale pale, ukingoni mwa mfereji, bata wakihudhuria. Mama Bata aliazima viti kwa jirani na hakusema na mtu. Sasa Hivi alikuja na watu sita na koleo.

"Ndiyo huu?" akanguruma alipouona mfereji. "Huu ndio uliotutoa jasho? Uzibwe! Sasa hivi!"

Mama Bata akashuka akasimama katikati ya mdomo wa mfereji, maji yakipita pande zote mbili za mabuti yake. "Ziba," akasema. "Ziba na mimi nikiwa humu humu."

Wale watu sita wakatazamana. Sasa Hivi alishika koleo bila kujua alielekeze wapi. Ni Bibi Muhuri aliyekohoa kwanza, kikohozi cha darasani, na kila mtu akageuka.

"Mimi nina swali," akasema. "Bata hawa wanahitaji maji kiasi gani? Si yanayopita. Wanayohitaji."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama Bata jambo hilo. Akafikiri, akajikuna shingoni. "Wanahitaji yasinuke," akasema. "Yatembee kidogo tu. Haya yote mimi sina kazi nayo, yananichania wavu."

Madamu Lita alikuwa ameshaanza kuandika. Madimbwi matatu, ukubwa wake, yabadilike mara moja kwa siku na ziada kidogo kwa ajili ya joto: lita ishirini kwa sekunde zingewatosha bata na kubaki. Tukiweka ubao mdomoni, akasema, wenye kijidirisha cha kupitisha ishirini tu, mengine yote yatabaki mtoni.

"Nipeni vipimo," akasema Baba.

Watu walidhani anatania. Lakini alikuwa ameshatoa gazeti mfukoni, akalikunjua juu ya kiti, akachora kijidirisha kwa chaki ya kishonaji na kukikata kwa mkasi, kwanza karatasi kama anavyokata shati. Sasa Hivi alienda mwenyewe kununua ubao na kuazima msumeno. Kabla ya saa nane ubao ulikuwa mahali pake, umekandikwa udongo pembeni, na maji yalimiminika kwenye kijidirisha kama kwenye birika. Madamu Lita akapima.

"Ishirini na sita."

Baba akaumia. "Haiwezekani."

"Ishirini na sita, Baba."

"Nimekata kubwa. Mimi! Nimekata kubwa!" Akaomba kipande cha mbao na misumari, akaingia majini akabana upande mmoja kama anavyobana kiuno cha sketi. Akapima tena binti yake. Ishirini kamili. Mama Bata ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Chini ya daraja sasa zilipita lita mia mbili na ishirini. Bibi Muhuri alivua viatu, akakunja gauni, akaingia mtoni mwenyewe kushika fimbo na kuhesabu mizunguko kwa sauti. Alipotoka alisema hesabu za binti huyu ni sahihi safari hii, na akatilia mkazo maneno mawili ya mwisho. Madamu Lita akakubali kwa kichwa. Alikuwa amestahili.

"Mia mbili na ishirini, ukitoa hamsini," akasema, "zinabaki mia moja sabini. Hizo ndizo za kubadilishana."

"Niliomba mia mbili," akasema Sasa Hivi.

"Umepata mia moja sabini."

"Fanya mia moja themanini tumalizane."

"Bwana, huu mto, si soko."

Sasa Hivi akamtazama, akatazama koleo lake ambalo halikufanya kazi yoyote siku nzima, akaangua kicheko kilichowatia bata wote majini. Mia moja sabini ziliwatosha watu wake karibu wote, na waliobaki wangepokezana zamu. Akampa Mama Bata mkono na kumwomba radhi kwa yale ya asubuhi. Mama Bata akamwambia radhi yake ataipokea akija kununua mayai.

Kibali chake kilitoka wiki ile ile. Kiliandikwa kwamba anaingiza lita ishirini na kuzirudisha mtoni kasoro kidogo sana, na kwamba yeye ndiye mtunzaji wa ubao. Mkuu wa ofisi aligonga muhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulikuwa hafifu na alishajua nani angekuja kuukagua.

Siku ya mabadilishano Madamu Lita aliamka kabla ya alfajiri. Maji hayafiki kwa simu. Banio la Juu likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, upungufu ungechukua karibu saa tisa kuteremka hadi Chini, lakini maji ya bwawa yalihitaji saa moja tu. Akifungua bwawa mapema, angemwaga bure. Akichelewa, Bibi Muhuri angeona mfereji wake unapungua na mambo yangeharibika. Akapanga bwawa lifunguliwe saa nane mchana. Alimpigia simu mlinzi wa geti la bwawa mara nne, na mara ya nne mlinzi akamwambia, "Madamu, nina saa, na ninajua kuisoma."

Bibi Muhuri alikuwa ameketi kando ya mfereji wa Chini tangu saa saba, na kiti, mwavuli na daftari la mistari. Simu yake iliingia saa kumi kasorobo.

"Binti yangu."

"Bibi. Vipi?"

"Yalipungua unene wa ukucha, halafu yakarudi. Sasa yako palepale." Akakohoa kile kikohozi cha darasani. "Ila haya ya bwawani yana ukijani."

"Ni majani ya bwawani, bibi. Hayadhuru."

"Naona mpunga haulalamiki. Basi. Nakutakia jioni njema."

Kutoka kwake, hiyo ilikuwa sherehe. Madamu Lita akaendesha mpaka darajani akapima ya mwisho: hamsini na tatu. Baba alikuwa ng'ambo ya matete, na sauti yake ilisikika akimfundisha Mama Bata jinsi ya kufunga fundo lisiloachia, na sauti ya Mama Bata ikimwambia kwamba yeye alianza kufunga mafundo Fundi akiwa bado mtoto wa shanga kiunoni. Hakuwaita. Akaketi kwenye jiwe, akavua mabuti, akatia miguu kwenye lita hamsini na tatu.

Simu ikalia tena. Ilikuwa namba ya Sasa Hivi, lakini hakuna aliyesema. Alisikia tu mchakacho, kama mtu anayekunja karatasi taratibu, kisha mbwa akabweka mbali.

"Haloo? Mwenyekiti?"

"Usiseme kitu, Madamu," ikaja sauti yake, kwa mara ya kwanza ya chini. "Nimeiweka simu kwenye tuta la kwanza la shamba langu, zamu yangu ndiyo imefika. Sikiliza maji yanavyoingia."

Akaiweka sikioni vizuri, akasikiliza.